Manyoya Kumi na Mawili

Watu huniuliza kwa nini mtu mwenye shamba na nyumba nzuri hapa Itumba hafugi hata kuku mmoja. Huwa nawajibu kwamba kuku wanachafua ua. Si kweli. Kuku sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kiburi changu mwenyewe, na leo nitawaeleza, mradi msinikatize.

Mwaka ulikuwa 1951, miaka minane sasa imepita. Nilikuwa nimeshuka kutoka milima yetu ya Ileje kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, na kazi niliyoipata hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuisikia. Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Pirisi alikuwa amezuia kijito juu ya shamba lake, akapata bwawa. Humo akatia samaki wadogo wa nchi za baridi, walioletwa kwa lori ndani ya madumu ya maziwa. Samaki hao huitwa trauti. Kazi yangu ilikuwa kuwatunza, na kutengeneza nzi wa kuwavulia.

Nzi huyo si mdudu. Unachukua ndoana ndogo, unaizungushia uzi mwembamba, kisha unafunga manyoya ya shingo ya jogoo yasimame pande zote kama miguu. Akitua juu ya maji, trauti anadhani ni mdudu ameanguka kutoka kwenye majani. Bwana Pirisi alikuwa na sanduku zima la nzi kutoka kwao Uingereza, lakini walipoanza kukwama kwenye matete wakapotea, nilijaribu kutengeneza wa kwangu. Tangu siku hiyo sanduku lake lilikaa limefungwa. Aliwaambia wageni wake kwamba vidole vya Andongwisye ni vya fundi saa. Mimi nilikuwa kijana, na sifa zinalewesha.

Wazungu walikuja miezi ya baridi, Juni na Julai, asubuhi ambapo umande umeganda juu ya majani na ng'ombe wanatoa moshi puani. Walisimama ndani ya maji yale hadi mapajani, wanatetemeka, wanarusha mshipi mbele na nyuma. Na wakishampata samaki, wanamwachia. Ndiyo, wanamwachia. Hata mjomba wangu Ezron alipoona mara ya kwanza alivua kofia akajikuna kichwa. "Unamkimbiza kuku ua mzima," aliniuliza, "halafu ukimshika unamwambia nenda zako?"

Lakini mimi nilikuja kuipenda kazi ile, na kumwachia ndiko nilikokupenda kuliko yote. Kwanza unalowesha mikono, maana mkono mkavu unamtoa samaki utelezi wake akaugua. Humbani tumbo. Unamwelekeza kichwa kule maji yanakotoka, unamshikilia hivyo hadi apate pumzi, kisha unafungua vidole taratibu. Anakaa kidogo juu ya kiganja chako kama hajui kwamba yuko huru, halafu anakwenda. Sheria ya Bwana Pirisi ilikuwa moja tu: atakayeua trauti wa bwawa lile, kazi hana.

Sasa niwaambie kuhusu Nesta. Alikuwa binti wa Mzee Luka, mzee wa kanisa pale Mbozi Misheni, na nyumba yao ilikuwa chini ya bwawa, ng'ambo ya kivuko. Msimu wa mavuno alifanya kazi kwenye vitanda vya kuanikia kahawa hapo hapo shambani kwa Bwana. Wasichana wengine walinitania kwamba mimi ni yaya wa samaki. Nesta hakunitania. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja, kisha jibu akalitunza. Siku moja aliniuliza mbona samaki wangu hawaonekani pale kivukoni. Nikamwambia maji ya kule chini yameshapata joto, trauti hayawezi, atakufa kabla ugali haujaiva. Lazima awe kwenye maji ya bwawani, yale ya baridi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kugeuza kahawa.

Nilimpenda. Sina haja ya kuzunguka.

Kwa desturi yetu mama yake nisingeweza hata kupishana naye njiani, sembuse kuzungumza naye, kwa hiyo mwenye neno upande wao alikuwa shangazi yake, Tabita. Alikuwa mjane mrefu, mkavu, hana maneno mengi. Alikuja kwangu siku moja kutazama ninavyoishi, akakagua sufuria, akakagua kitanda, akatoka nje. Pale uani nilikuwa na jogoo mmoja wa kijivu, rangi ya jivu lililomwagiwa maji. Shangazi akamnyooshea kidole. "Mtakuja na huyu," akasema. Kwao posa haiendi bila jogoo mzima. Shangazi wa binti humpokea, humkagua, na akiridhika anachinjwa hapo hapo, pande zote mbili wanakula, na Jumapili inayofuata mchungaji anatangaza ndoa kanisani. Mambo ya ng'ombe yalikuwa yameshakubaliwa. Alibaki jogoo tu.

Siku tisa kabla ya posa, Bwana Pirisi akapata mgeni kutoka Mbeya, mtu mkubwa wa serikali. Siku tatu mfululizo mgeni yule alirusha mshipi asipate kitu. Maji yalikuwa ya baridi mno, samaki wamelala chini, na kila nzi niliyempa walimtazama wakageuka. Bwana akaniita pembeni. "Andongwisye, huna wa kijivu?" Sikuwa na unyoya wa kijivu hata mmoja kwenye kopo langu. Ningesema sina, yangeisha. Lakini niliona aibu kushindwa mbele ya mgeni, mimi mwenye vidole vya fundi saa. Nikasema, "Ninao, Bwana."

Nilikwenda nyumbani, nikamshika jogoo, nikamng'oa manyoya kumi na mawili. Niliyahesabu. Nilichagua nyuma ya shingo, chini kabisa, mahali manyoya ya juu yanapofunika. Jogoo alipiga kelele kidogo, nikampa mtama, akasahau. Nikamtazama kutoka mbele, nikamtazama kutoka nyuma, hakuna kilichoonekana. Nilijisifu kwa hilo pia.

Nzi wa kijivu walifanya kazi. Siku ile mgeni alishika samaki saba, akawaachia wote saba, anacheka kama mtoto. Wa nane alikuwa Karani. Huyo alikuwa trauti mkubwa kuliko wote bwawani, tulimwita Karani kwa sababu ubavu wake ulikuwa na madoa meusi kama mtu amekung'uta kalamu ya wino. Alivuta mara mbili, mshipi ukakatika, akaondoka na nzi wangu pembeni ya mdomo. Mgeni akanipa mkono mbele ya watu wote. Nilirudi nyumbani nikiwa na kichwa kikubwa hivi.

Siku ya posa tulikwenda baada ya ibada, mimi na mjomba Ezron aliyekuwa mshenga wangu. Tuliketi. Salamu zilikuwa ndefu, za heshima. Ezron akamkabidhi shangazi Tabita jogoo. Yule mama akamweka mapajani, akatazama macho, akatazama miguu, akafungua mbawa moja moja. Kisha akainamisha mdomo akapuliza manyoya ya shingo, kama mnavyopuliza kutafuta utitiri. Yakafunguka. Ngozi ikaonekana, nyeupe, na vitundu vidogo vyekundu.

Shangazi akainua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amemnyonyoa huyu?" akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo hata mtoto mdogo analijua. Manyoya ya shingo ya jogoo wa posa huwa yanakwenda mahali pamoja tu, kwa mganga, ili binti afungwe asiwe na akili zake tena. Na mimi nilikuwa nimeketi sebuleni kwa mzee wa kanisa.

Nikaeleza. Nilieleza nzi, nikaeleza mgeni, nikaeleza baridi na samaki waliolala chini. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, lazima nimtendee haki. "Na hao samaki wako wapi?" akauliza.

"Tuliwaachia, shangazi."

"Wote?"

"Wote. Mmoja alikata mshipi, bado ana nzi mdomoni."

Mzee Luka akasafisha koo. "Kwa hiyo, kijana wangu, ulimnyonyoa jogoo wa binti yangu ili ushike samaki, halafu umwachie samaki." Aliposema vile, hata mimi mwenyewe sikujiamini. Ezron akapendekeza twende tumwite Bwana Pirisi aje athibitishe. Nikakataa pale pale. Nilisema mimi si mtoto, siwezi kuposewa na Mzungu. Ezron alinikanyaga mguu, sikujali. Tulirudishiwa jogoo wetu, akiwa hai.

Siku ya Alhamisi nikapita kwenye vitanda vya kahawa. Nesta alikuwa peke yake upande wa mwisho. Hakuinua kichwa, mikono yake iliendelea kuchambua, lakini aliongea.

"Mimi nakuamini," alisema. "Ila kuamini kwangu hakumsaidii shangazi. Nimemwomba, amekubali kungoja hadi Jumamosi. Kuna fundi mwashi wa Isoka naye anataka kunioa, ameshatuma watu, na Jumapili lazima mchungaji apewe jina. Yule samaki mwenye nzi, mlete kivukoni Jumamosi asubuhi. Shangazi amwone kwa macho yake, amwone na ile ndoana mdomoni. Ameniambia akimwona yamekwisha."

"Nesta, yule samaki hatoki bwawani. Kazi yangu itakwisha."

"Nisikilize kwanza, nimeshawaza kwamba..."

Nikamkatiza. Damu ilikuwa imenipanda. Nikamwambia kama shangazi yake ananiona mchawi, samaki ndiye atakayenitakasa? Nikamwambia mtu mzima haapi kwa samaki. Nikamwambia mengine pia, ambayo siyasemi hapa. Yeye alitulia, kahawa mkononi, akisubiri nimalize ili amalizie lake. Mimi nilipomaliza nikaondoka. Miaka minane nimeyarudia maneno yale, "nimeshawaza kwamba", na kila mara nafika hapo hapo.

Hata hivyo Jumamosi nilikwenda bwawani mapema. Nilikuwa na ruhusa. Kila Jumamosi nilivua wachache kabla Wazungu hawajafika, kuwakagua kama wana vidonda, kisha nawaachia. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Vidole vyangu vilikufa ganzi hata kufunga nzi kwenye mshipi ilikuwa shida. Nilifunga wa kijivu, wa mwisho niliyekuwa naye. Nilijiambia ninakwenda kukagua tu, lakini nilikwenda moja kwa moja kwenye kona ya matete, anakokaa Karani.

Nilirusha labda mara thelathini. Kisha maji yakavimba chini ya nzi, na mwanzi wangu wa kuvulia ukainama.

Sitawachosha na mvutano wetu. Ulikuwa mrefu. Alipochoka nilimleta kwenye maji ya kina kifupi, nikalowesha mikono, nikamwinua kidogo. Alikuwa yeye, na madoa yake ya wino. Na pembeni ya mdomo, ndoana imeshaanza kutu, nzi wangu wa siku ile bado yupo, manyoya mawili matatu ya kijivu yamelowa yamelala.

Bwana Pirisi hakuwapo. Hapakuwa na mtu. Nyuma yangu, kwenye ukuta wa kibanda, yalikuwa yametundikwa madumu yale yale ya maziwa yaliyoleta samaki bwawani. Niliyaona. Nataka mjue kwamba niliyaona. Lakini nilichowaza si dumu. Niliwaza mtu akinikuta njiani na trauti, na kazi yangu inakwisha. Kisha nikawaza lililo baya zaidi: nikajiona mimi, Andongwisye, nimesimama mbele ya shangazi Tabita na samaki mkononi, kama mtoto anayempelekea mwalimu daftari lisahihishwe. Nikasema moyoni, neno langu lisipotosha, basi. Anayenipenda atasimama nami bila samaki. Na nzi huyu ninaye, atatosha.

Nikaing'oa ndoana ya zamani taratibu, nikaichomeka kwenye kofia. Nikaitoa na ile mpya. Nikamwelekeza Karani kichwa kule maji yanakotoka. Alikaa juu ya kiganja changu, mapezi yanapepea, kisha akazama. Nilifurahi. Nitakuwa mwongo nikisema vingine. Nilijiona mwanamume.

Nikateremka kwa njia ya kivukoni.

Walikuwa wamefika kabla yangu. Shangazi Tabita alikuwa ameketi juu ya jiwe, shuka limemzunguka mabegani kwa ajili ya baridi. Nesta alikuwa amesimama kando ya njia, na miguuni pake palikuwa na beseni kubwa jeupe, limefunikwa kitambaa kilicholowa. Aliponiona alichuchumaa haraka akafunua kitambaa, anatabasamu. Beseni lilikuwa limejaa maji hadi karibu ya ukingo.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba. Umekuja naye?"

Nikavua kofia, nikamwonesha nzi. Nilimweleza: nimemshika asubuhi hii hii, nzi huyu ametoka mdomoni mwake, tazama kutu, tazama manyoya, ni yale yale ya jogoo. Shangazi aliinuka akasogea. Alitazama bila kugusa. Na mimi nami, nikimfuata macho, ndipo nilipokiona nilichokuwa nimeshika: manyoya ya shingo ya jogoo wa posa, yamefungwa kwa uzi mwekundu, yamezungushwa kwenye kichuma. Mganga yeyote wa upande ule angekutengenezea hivyo hivyo.

Alirudi nyuma hatua mbili. "Manyoya hatukukataa kwamba unayo," alisema. "Hayo ndiyo tuliyosema unayo." Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa na huzuni, maana alikuwa ametembea njia yote ile kwa kutaka kushindwa. "Samaki yuko wapi, mwanangu?"

Nilikuwa namtazama Nesta.

"Ulimshika?" Nesta akauliza.

"Nilimshika."

"Ukamwachia."

"Nesta, sheria ya Bwana, ningemuua..."

"Nani alisema umuue?" Alisema polepole, kama mtu anayemalizia habari aliyoianza siku ya Alhamisi. "Shangazi alikuwa amwone tu. Halafu tungepanda naye wote watatu, umrudishe. Ndiyo maana nikaleta beseni."

Nikasema la kijinga. Nikasema kwamba hata hivyo maji ya kivukoni asingeyaweza.

"Si ya kivukoni," akasema. "Nimeyachota bwawani alfajiri, kule yanakoingilia. Ulisema ndiyo anayoyaweza."

Nilitumbukiza mkono kwenye beseni. Sijui kwa nini, labda nilitaka nimwone ni mwongo. Maji yalikuwa ya baridi hadi mifupa ikauma. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imepasuka na kuvimba kwa baridi ile, na bega moja la gauni lake lilikuwa limelowa chepechepe, upande ambao beseni lilikuwa likimwagika njia nzima.

"Twende, shangazi," akasema Nesta.

Jumapili mchungaji alisoma jina la fundi mwashi wa Isoka. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Yule jogoo nilimwacha kwa Ezron, nikarudi kwetu milimani kabla mavuno hayajaisha, na Bwana Pirisi akapata mtu mwingine wa kumfungia nzi.

Lakini pale kivukoni palikuwa bado na kitu kimoja. Beseni lilikuwa zito, na njia ya kurudi kwao ni ya kupanda. Nesta aliliinamisha, akayamwaga yale maji polepole kwenye kijito, akapangusa beseni kwa kile kitambaa, akalitia kwapani. Nikamwambia, "Nipe nikubebee." Akasema, "Asante, kaka. Sasa ni jepesi."